Samadi Niliyoianika Juani

Juzi nilipita maabara kuwasalimu. Mlinipa shikamoo zenu vizuri, mkanitolea kiti, mmoja wenu akaenda kuleta chai na mihogo ya kukaanga, na yule mwenye miwani akaniuliza kama ni kweli zamani tulikuwa tunaonja udongo kwa ulimi. Tulicheka sana. Kisha nikatoka kwenda chooni, nikapita uani kwenye lile jabali letu, nikakuta mmeanika trei sita za sampuli. Trei tano sikuwa na neno nazo. Ya sita ilikuwa na kikaratasi kimeandikwa kwa penseli: SAMADI, ZIZI LA KUNENEPESHA.

Nilikaa pale kwenye jiwe, mkadhani ni uzee. Sikuwaambia kitu kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitalia, na mimi silii mbele ya watu. Nikamaliza chai, nikaaga, nikapanda gari la kurudi Usagara. Sasa nimekaa nyumbani nawaandikia. Someni mpaka mwisho, halafu mkaitoe ile trei juani. Au bora mkaitoe kwanza, ndipo mrudi msome. Nitawasubiri.

Siwalaumu. Waliowafundisha ninyi niliwafundisha mimi, na mimi nilifundishwa na Mzee Shija, ambaye alikuwa mkuu wa maabara nilipoanza kazi nikiwa binti. Mzee Shija alikuwa mfupi, mkali, na mifuko ya koti lake haikukosa udongo uliofungwa kwenye gazeti. Alinifundisha kuchukua udongo kwa kutembea zigizaga shambani badala ya kuchota sehemu moja kwa uvivu. Alinifundisha kuuchanganya kwenye ndoo, kuugawa mafungu manne, kutupa mawili na kubaki na mawili, kisha kuanza upya mpaka ubaki ujazo wa viganja viwili. Alinifundisha kuandika lebo kwa penseli, maana wino wa peni ukilowa unakimbia, na sampuli isiyo na jina ni uchafu tu. Hayo yote shikeni, bado ni kweli.

Wiki yangu ya kwanza alinionyesha jinsi ya kuonja chumvi. Unaweka punje kidogo kwenye ncha ya ulimi, unatema. Mimi kwa kiherehere changu nikachukua mfuko uliokuwa pembeni, nikaonja, nikatema, nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Chumvi ipo, mzee." Akaniuliza, "Nyingi?" Nikasema ni ya wastani. Akatikisa kichwa polepole. "Basi huyo ng'ombe alikuwa mzima," akasema, "maana udongo huo umetoka pale anapokojolea." Alinitania kwa hilo mpaka siku alipostaafu, na hata kwenye hotuba ya kuagwa kwake alilisema.

Huyo ndiye aliyenifundisha udongo wa kwetu. Mnajua Wasukuma tunautaja kwa majina kuanzia mlimani kushuka bondeni. Luseni ni ule wa kichanga, wa juu; haushiki kitu, ukimwaga maji juu yake yanazama ukiwa unatazama, na ukichimba kisima chini yake utayakuta. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa magurudumu wakati wa masika. "Luseni ni mropokaji," alikuwa akisema Mzee Shija, "mbuga ni mtu wa siri. Ukitaka kuficha kitu, usikifiche kwenye luseni."

Na alikuwa na sheria moja iliyozidi zote: udongo mbichi ni mwongo, uanike kwanza ndipo uuhoji. Tulianika kila kitu. Lile jabali la uani, kabla hamjazaliwa, lilikuwa limeshachakaa kwa trei zetu. Tuliwafukuza kuku, tuliwafukuza mbuzi, na kwenye daftari la kupokea sampuli mkifungua vizuri mtaona mahali nilipoandika kwa mkono wangu: "Haijulikani inakotoka, lebo imeliwa na mbuzi." Udongo ukishakauka tunautwanga, tunauchekecha, tunaupima. Kwa asidi, kwa chumvi, kwa chokaa, utaratibu huo haujawahi kutuangusha.

Na sisi watu wa huku tunaliamini jua kuliko tunavyomwamini mganga. Viazi tunakata tunaanika, tunapata michembe. Dagaa tunamwaga mchangani tunaanika. Mhogo tunaanika, godoro la mgonjwa tunaanika, mtoto mchanga mwenye macho ya njano tunamtoa asubuhi tunamwanika naye. Ndiyo maana nasema kosa nililolifanya lingefanywa na mtu wa huku tu, aliyelelewa kuamini kwamba kilichopigwa na jua kimesafika.

Sasa nisikilizeni.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Mdogo wangu wa tumbo moja, Minza, alikuwa na wenzake kumi na kitu hapa Usagara wanalima mboga bondeni. Mchicha, chainizi, nyanya, bamia. Juu ya bustani yao, kwenye mteremko wa luseni, alikuja mtu akajenga zizi la kunenepesha. Kazi yenyewe mnaijua: ananunua mnadani ng'ombe waliokonda, anawafungia, anawalisha pumba na mashudu ya pamba, miezi michache wanang'aa, anawauza. Samadi ikawa mlima. Akawaambia akina mama wachote watakavyo.

Wangechota siku hiyohiyo kama si Maige. Maige alikuwa mchungaji wa zizi lile na jirani yake Minza, mtu wa maneno machache. Alimfuata Minza kisimani akamwambia, "Mama, mimi sijasoma. Lakini wale ng'ombe wanachomwa kitu sikioni. Vidonge vidogo, kama punje za uwele, vinaingizwa chini ya ngozi. Bosi anasema ni vitamini. Sasa vitamini gani hiyo, kila akipita bwana mifugo wa kata tunaambiwa tuwapeleke porini?"

Minza akaja kwangu mjini na mfuko wa samadi kwenye kikapu. Hakukaa vizuri hata kwenye kiti. Hofu yake haikuwa ya bustani, ilikuwa ya Kabula, bintiye. Kabula ameolewa kisiwani, Nansio, na huko alikuwa ameharibikiwa na mimba tatu, moja baada ya nyingine. Ya nne ilipoingia, mama yake alivuka ziwa akaenda kumchukua ili awe karibu na hospitali. Kliniki wakampima, wakasema damu ni ndogo, ale mboga za majani kwa wingi. Kwa hiyo kilichoota bondeni kiliishia kwenye sahani ya Kabula, na maji aliyokunywa yalitoka kisima cha pale pale bustanini.

"Dada," Minza akaniambia, "wewe ndiye mwenye vipimo. Ukisema tuache, tunaacha. Ukisema tulime, tunalima. Mimi nikimpoteza huyu wa nne sitaweza kumtazama mwanangu."

Niliichukua kazi ile kama ya damu yangu, na ilikuwa ya damu yangu. Sikutumia mfuko wake. Nilikwenda mwenyewe zizini, nikachimba lundo pande nne, juu, katikati na chini, nikachanganya, nikagawa. Kila hatua ilikuwa safi. Nikarudi maabara nikaianika kwenye jabali siku mbili, jua la kiangazi, nikiigeuza kwa mwiko ili ipigwe kote. Nikaitwanga, nikaichekecha ikawa laini kama ugoro. Maabara yetu haikuwa na mashine ya kupima homoni, na sidhani kama mnayo sasa, kwa hiyo niliifunga vizuri nikaituma kwenye maabara kubwa, mbali na huku.

Majibu yaliporudi yalikuwa neno moja: Haikuonekana.

Nilishukuru Mungu. Kisha nikakaa mezani nikawaandikia akina mama, na nakala nikampa mwenye zizi, kwa lugha nyepesi ambayo kila mtu ataielewa: "Samadi hii haina homoni." Nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Mmeona nilichofanya? Mashine ilisema, "Sikuona." Mimi nikasema haimo. Nilidhani nawasaidia watu wasiosoma Kiswahili cha wataalamu. Nikamwambia Minza alime, na Kabula ale ashibe.

Wakachota. Wakaijaza kwenye matuta, wakaifunika kwa matandazo ya nyasi, wakawa wanamwagilia jioni jua likishapoa, kama tulivyowafundisha wenyewe kwenye semina.

Ilipita miezi miwili. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Siku hiyo nilikuwa nafundisha wageni wa mafunzo jinsi ya kuviringisha udongo kiganjani, mikono yote matope, simu ikalia. Nikaipokea kwa kiwiko.

"Shikamoo mama. Naitwa Neema, ni mkemia huku maabara kubwa. Nimehamishiwa kitengo hiki karibuni, napitia mafaili."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Kuna samadi mlituletea, ya zizi la kunenepesha. Ilifika ikiwa kavu kabisa. Naomba kujua mliiandaaje."

"Kama kawaida. Tulianika, tukatwanga, tukachekecha."

"Mlianika kivulini?"

"Juani, mwanangu. Siku mbili, kila baada ya muda naigeuza."

Nikasikia akifunua karatasi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, hapo ulipo umekaa?"

Nikakaa.

Alinieleza, na tangu siku ile nimemuuliza tena na tena mpaka nimeelewa, kwa hiyo nawaeleza kwa maneno yangu. Zile dawa za sikioni ni homoni za kukuza nyama. Ng'ombe hawazimalizi zote. Sehemu inatoka kwenye mavi na mkojo. Ikifika kwenye udongo wenye joto, unyevu kidogo na hewa, wadudu wadogo wasioonekana wanaishambulia na kuivunja, na siku si nyingi imebaki kidogo sana. Hiyo ndiyo habari njema. Lakini ndani ya lundo lililolowa na kushindiliwa, hewa haifiki, na wale wadudu wanaofanya kazi hiyo hawaifanyi vizuri. Hapo dawa inakaa miezi. Vilevile kwenye tope la mfereji, vilevile ndani ya mbuga iliyoshiba maji. Sehemu inaganda kwenye udongo, sehemu inaondoka na maji.

Na kuna moja ya dawa hizo ambayo jua linaivunja haraka. Mnaona jinsi nilivyojidanganya? Niliichukua kutoka gizani, nikaitandaza juani, nikaipa siku mbili za kutoweka, ndipo nikaituma ikapimwe. Nilipima jua, sikupima samadi.

"Hilo silo baya kuliko yote," Neema akasema. Nikamwambia, "Mwanangu, niambie yote." Akasema, "Ile iliyovunjwa na jua haifi yote. Ikiwa kwenye maji, giza likiingia, sehemu yake inarudi kuwa ile ile ya kwanza. Mchana ukipima huioni. Usiku imo."

Nimefanya kazi ya udongo maisha yangu yote na sikuwahi kuuogopa mpaka siku ile. Chumvi ukiiona ipo, usipoiona haipo. Hata sumu ya panya ina adabu ya namna fulani. Lakini kitu kinachojificha mtu anapokitazama na kurudi akishageuka, mimi sikuwa na darasa la kitu hicho. Wale wageni wa mafunzo walikuwa wamenizunguka na vidonge vyao vya udongo viganjani wakisubiri niwaambie kama wameviringisha vizuri. Nikawaambia waende nyumbani.

Kabula alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nilikwenda Usagara mchana uleule bila kunawa vizuri. Nilianzia zizini kwa sababu niliogopa kuanzia kwa mdogo wangu. Getini nikakuta karatasi yangu. Ameitia kwenye nailoni, ameipigilia misumari kwenye nguzo, muhuri wangu unaonekana mpaka barabarani. Chini yake kuna pikapu inapakia samadi ya kupeleka Misungwi. Nikamwambia mwenye zizi aitoe ile karatasi, kuna kosa. Hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia. Akanitazama kwa heshima akasema, "Mama, si umeandika mwenyewe? Watu wanakuamini. Nimetoa na kopi nyingine, wateja wanazo." Nikamwuliza kuhusu vidonge vya sikioni. Akasema, "Vidonge gani?"

Niliikwanyua ile karatasi kwa mikono yangu, msumari mmoja ukanichana. Zile kopi nyingine sijawahi kujua ni ngapi na ziko kwa nani.

Minza nilimkuta uani anakata viazi vya michembe, na Kabula ameinama kwenye beseni anaosha mchicha. Aliponiona akasimama polepole, mkono kiunoni kama wenye mimba wanavyosimama, akaniamkia akicheka, kwa sababu siku hizo alikuwa na furaha, mimba haikuwahi kufika miezi ile. Nilitaka niseme nimepita tu kusalimia. Naapa neno hilo lilikuwa mdomoni. Kisha Minza akaacha kisu akasema, "Dada, una nini?"

Nikasema. Sikupamba. Nilisema nilikosea kuandaa sampuli, karatasi yangu si ya kweli, samadi inaweza kuwa na dawa na kisima pia, kwa sababu kiko chini ya luseni. Minza alikwenda kwenye beseni, akamwondoa Kabula kwa bega, akayamwaga maji na mchicha wote chini. Kabula alisimama akiyatazama maji yanavyozama. Kisha akaniuliza, "Mama mkubwa, mimi nimekunywa miezi miwili. Inakuwaje?"

Nikamwambia tutapima upya.

Neema alikuja kwa basi siku ya tatu. Msichana mwembamba, mdogo kuliko nilivyomdhania kwa sauti, na alinifundisha kazi yangu upya nikiwa nimebakiza miezi sita kustaafu. Tulikwenda soko la samaki tukanunua barafu tukajaza deli la kutunzia baridi. Tulichukua sampuli alfajiri, jua halijatoka, tumefunika eneo kwa shuka. Kila kopo limeviringishwa foili, kisha nailoni nyeusi, kisha barafuni moja kwa moja. Hakuna kuanika, hakuna kutwanga, hakuna kusubiri. Mikono yangu ilikuwa haisikii. Kila nikipata tope kiganjani nilijikuta nalitandaza kwenye trei ili likauke. "Mama, mikono!" Neema alikuwa akinigombeza, na mara ya nne au ya tano tulicheka wote wawili, kicheko kile cha msibani. Chukueni hili kama agizo: kitu kinachooza au kuvunjika, kifikisheni kwa atakayekipima katika hali ileile kiliyokuwa nayo kilipotoka. Baridi, giza, upesi. Na kwenye lebo andikeni saa.

Majibu yalichukua wiki mbili. Sikulala vizuri hata siku moja. Nilikuwa nikienda kwa Minza kila jioni na madumu ya maji ya bomba. Kabula alikuwa hali mboga yoyote sasa, hata ukimletea kutoka soko la mjini alikuwa anaigeuza jani kwa jani na kuisukuma mbali.

Kwenye lundo, ndani, dawa ilionekana, tena si kidogo. Kwenye tope la mfereji unaoshuka kutoka zizini ilionekana. Kwenye matuta, udongo wa juu ulikuwa safi, chini ya matandazo kulikuwa na kidogo. Neema alikuwa ameniambia mapema kwamba mboga zenyewe hazifyonzi sana, kinachomtia wasiwasi ni kisima. Kisimani ilikuwemo. Kidogo, pale pale ambapo mashine inaanza kuona.

Nikamwuliza kwenye simu, "Na mtoto?"

"Mama, samaki tunajua kidogo, wakikaa kwenye maji yenye hiyo dawa uzazi wao unavurugika. Ng'ombe tunajua. Mtoto wa binadamu tumboni, kwa kiasi kile, sijui. Na atakayekwambia anajua, mwulize alipima wapi."

Ngazi zinazohusika nilizipa taarifa, nikaandika na kosa langu bila kulificha. Zizi lilifungwa. Kisima kikafukiwa, akina mama wakahamishia bustani upande mwingine. Mwenye zizi aliondoka na ng'ombe wake, na mpaka leo sijui alikokwenda kuanza upya. Ndiyo maana ile trei yenu ya sita ilinikalisha kwenye jiwe. Sampuli ile imetoka zizi la nani, wapi, na chini yake nani anachota maji?

Kabula alijifungua mwezi wa tisa ulipotimia, hospitali, salama. Mtoto wa kike. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani, wauguzi wakawa wanawanyamazisha akina mama wa bustani. Mimi nilibaki mlangoni na kanga mpya mkononi. Sikuweza kuingia. Kabula akaniona akaita, "Mama mkubwa, njoo." Akanipa mtoto nimshike, akasubiri mpaka nimemshika vizuri.

"Nesi amesema ni mzima," akasema. "Nakuuliza wewe. Ni mzima?"

Minza akageuzia uso dirishani. Maisha yangu yote watu wameniuliza nami nikawapa karatasi. Nilimtazama yule mtoto, vidole, masikio, kucha ndogo kama maganda ya ufuta, na sikuona kitu. Sikuona kitu, na sikuwa na muhuri.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Kabula alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. "Basi ukistaafu usiende popote," akasema. "Hamia kwetu. Utamwangalia mpaka ujue."

Nilihamia. Mume wa Kabula alivuka ziwa akajenga hapa, na mimi nina chumba changu upande wa jikoni. Mtoto ana miaka minne. Neema alinieleza dalili za kutazama, sauti kuwa nzito kabla ya wakati, kukua kwa haraka kupita wenzake, na bado anapiga simu kuuliza. Kwenye mwimo wa mlango wangu kuna alama za penseli, moja kila mwezi. Bibi wengine hufurahi mjukuu akirefuka. Mimi nampima huku naomba asiwe amerefuka sana. Kila asubuhi anakuja chumbani kwangu, ananipa shikamoo, anainua mikono, anazunguka taratibu, mimi nampapasa shingo na mabega, namwambia aseme neno nisikie sauti, kisha namwambia, "Haya, kacheze."

Mwezi uliopita walimpeleka Nansio akamwone bibi yake mzaa baba. Kabula aliporudi alinisimulia. Mtoto aliingia, akamwamkia yule bibi vizuri, akainua mikono juu, akazunguka taratibu, akasimama. Bibi wa watu akacheka, akauliza hiyo ni ngoma gani amefundishwa. Mtoto alibaki pale na mikono juu, akisubiri akaguliwe.